Kibao ni cha nani? Maneno juu ya jina letu na namna tunavyojionyesha

(Maneno yaliyosemwa na sisi wa kundi la tereni mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tumeyaandika tena kwa ajili ya gazeti letu, kwa wale ambao hawakufika, na kwa marafiki wanaotusaidia kutoka mbali.)



Tumepewa nusu saa tuseme juu ya komunikasio. Asubuhi, kabla ya mkutano kufunguliwa, mama mmoja alituuliza pale mlangoni: "Watoto wangu, hiyo komunikasio ni kitu gani? Ni unite za simu?" Tulicheka, naye akacheka. Lakini swali lake ni zuri, na tumeona heri tuanze nalo. Mama, siyo unite. Komunikasio ni namna watu wanavyotujua wakati sisi wenyewe hatupo. Ni lile jina wanalolisikia, kibao wanachokisoma, picha wanayoiona, na maneno wanayoambiana juu yetu sokoni. Chama kinaweza kufanya kazi nzuri mwaka mzima, kisha kibao kimoja kikaiharibu. Hilo hatukulisoma kwenye kitabu. Lilitupata sisi wenyewe, na leo tunataka kulisema wazi.

Tuanze na mashini.

Wote mnaijua mashini yetu ya kusaga muhogo. Kabla ya kuwa nayo, wamama walikuwa wanatwanga kwa kinu, au wanabeba beseni kichwani mwendo mrefu mpaka kwenye mashini ya watu wengine. Wamama ndio walioiomba, siyo sisi. Matofali yalichomwa na wanachama pamoja na majirani ambao si wanachama. Mchanga ulibebwa na vijana. Mabati yalinunuliwa na likelemba ya wamama. Marafiki wa nje walitoa injini na fundi wa kuifunga. Ukihesabu kwa haki, ile nyumba na ile mashini ni kazi ya mikono mingi, na mikono mingi zaidi ilikuwa ya hapa hapa.

Sasa ikafika siku ya kufungua. Kwenye mkataba wa proje kulikuwa na sharti la kuweka kibao. Wafadhili wengi wana sharti hilo, na siyo jambo baya: wao pia wanatakiwa kuonyesha kwao makuta yamekwenda wapi. Sisi wa tereni ndio tulioandika maneno ya kile kibao. Tukayaandika kwa Kifaransa. Juu tukaweka alama nne za wafadhili na za ONG zilizopitisha mradi, kubwa na zenye rangi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, tukaweka jina la chama. Likelemba ya wamama hatukuitaja. Majirani waliochoma matofali hatukuwataja. Tulipiga picha, tukanywa Fanta, tukarudi bironi tukiwa na furaha.

Miezi minane haikufika, mkanda ukakatika, kisha injini nayo ikaanza kusumbua. Komite ikapita nyumba kwa nyumba kuomba kila familia itoe franka elfu moja. Mnakumbuka jibu lililotoka? Watu walinyoosha kidole kwenye kibao. Walisema: "Waambieni wenye mashini." Baba mmoja aliyekuwa amechoma matofali kwa mikono yake mwenyewe alituambia hivyo hivyo, bila hasira. Kwake yeye kibao kilikuwa kama karatasi ya mali. Kilisema mashini ni ya wale walioandikwa juu, na yeye hakuandikwa.

Mashini ilisimama karibu miezi mitatu. Wamama wakarudi kwenye kinu. Sisi tukaandika kwenye ripoti kwamba wakaaji hawana moyo wa kutunza mali. Tunasema leo mbele yenu: ile sentensi haikuwa ya kweli, na haikuwa ya haki. Moyo wa kutunza ulikuwepo. Sisi ndio tuliowaambia, kwa rangi na kwa herufi kubwa, kwamba mali siyo yao.

Tulichofanya baadaye ni kidogo tu. Tulinunua kopo moja la rangi. Tukaandika kwenye ukuta, upande ambao wamama wanapanga foleni, kwa Kiswahili: "Mashini hii ni yetu. Matofali: wanachama na majirani. Mchanga: vijana. Mabati: likelemba ya wamama. Injini: marafiki wa nje. Ikiharibika, tunaitengeneza sisi." Pembeni tukaweka ubao wa chaki. Kila mwisho wa mwezi komite inaandika pale: makuta yaliyoingia, makuta ya mazutu, makuta ya fundi, yaliyobaki kwenye sanduku.

Hatutaki kuwadanganya kwamba watu walikuja mbio siku ile ile. Walikuja kusoma, wakabishana. Mwezi wa pili, kijana mmoja wa shule alisimama mbele ya ubao akajumlisha, akaona hesabu imepotea franka elfu sita na mia tano. Kukawa na kelele. Mweka hazina alifungua daftari mbele ya watu, ikaonekana kwamba aliandika bidoni moja ya mazutu mara mbili. Tulifikiri ile aibu itatumaliza. Kumbe kuanzia siku ile ndipo michango ilianza kuingia. Watu waliona kwamba hesabu inaweza kuulizwa, na anayeuliza hafukuzwi. Mkanda ukanunuliwa. Kuna wachache mpaka leo hawatoi, tunawajua nao wanatujua, lakini mashini inasaga.

Basi hilo ndilo fundisho la kwanza. Kibao kinamwambia mtu ni nani wa kumwita kitu kinapoharibika. Ukiandika jina la mtu wa mbali, watamngoja mtu wa mbali.

Fundisho la pili ni juu ya picha, na hili linatuuma zaidi.

Tuko na mama mmoja ambaye hatutamtaja jina. Yeye mwenyewe ameturuhusu tusimulie, kwa sharti hilo. Tulimpiga picha wakati wa mvua, amesimama mbele ya nyumba ambayo bado ilikuwa na bashe iliyochanika juu yake. Tulimuomba ruhusa, ndiyo, lakini tulimuomba haraka haraka, mvua inanyesha, sisi tumevaa jile na tumeshika karatasi ya orodha ya mabati. Nani atakataa kupigwa picha na mtu aliyeshika orodha ya mabati? Chini ya picha tukaandika kwamba ni mjane asiye na kitu. Picha ikaenda kwenye ripoti, ikatoka kwenye gazeti letu, ikabandikwa na ukutani kwa biro.

Baada ya wiki kadhaa mama akaja. Hakupiga kelele. Alisema: "Nyinyi watoto mumeandika kwamba sina kitu. Mimi niko na mashamba mawili. Mimi ndiye ninayeshika ufunguo wa sanduku la AVEC. Yule mfanyabiashara alikuwa ananipa mafuta ya mawese kwa deni, nauza, namlipa. Ameona picha yenu. Sasa ananiambia nilete makuta kwanza. Mumenifanyia nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulifikiri picha ya mtu mnyonge inamsaidia, kumbe ilimnyang'anya kitu ambacho ni vigumu kukirudisha: kuaminiwa na watu wa kwao. Tulikwenda pamoja naye kwa yule mfanyabiashara kueleza. Tukaibandua picha. Toleo lililofuata tukaandika sahihisho. Alirudishiwa deni lake, lakini nusu ya ile ya zamani. Nusu nyingine bado anaihangaikia.

Hapa tunataka mjue kwamba si sisi wa kwanza kuteleza, na sheria ya kutuzuia ilikuwepo tayari. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika makubwa ya misaada yalikubaliana juu ya kanuni kumi za mwenendo wakati wa maafa. Kanuni ya kumi inahusu habari na matangazo: inataka watu waliopatwa na maafa waonyeshwe kama binadamu wenye heshima yao, siyo kama vitu visivyo na tumaini. ONG nyingi zinazopita kwenye barabara zetu zimeweka sahihi kwenye kanuni hizo. Kwa hiyo mfadhili akituomba picha ya kuliza watu, tunaweza kumjibu kwa adabu kwamba hata kwao hilo limekatazwa.

Tangu siku ile tumejiwekea utaratibu wa picha, nao ni huu. Kwanza tunaomba kwa lugha ambayo mtu anaielewa vizuri, iwe Kiswahili, iwe Kibembe, iwe Kifuliru. Pili, hatuombi siku ya kugawa kitu. Tunakwenda siku nyingine, mikono mitupu, ili mtu aweze kusema hapana bila kuogopa kukosa bati. Tatu, tunamuonyesha picha na tunamsomea maneno yatakayoandikwa chini yake. Nne, tunamwambia itakwenda wapi, na kwamba inaweza kurudi mpaka hapa, kwa sababu siku hizi simu moja inaleta kila kitu nyuma. Tano, akibadilisha mawazo kesho, tunaiondoa. Watoto hatuonyeshi uso pamoja na jina na mahali. Na yeyote aliyefanyiwa ubaya wa mwili hatumpigi uso kabisa, hata akikubali. Wengi wetu tunajua jinsi vita ilivyotutawanya. Uso, jina na kijiji vikiwekwa pamoja, vinaweza kumpeleka mtu mbaya mpaka mlangoni.

Sasa tunafika kwenye jambo lililo gumu, ambalo limeandikwa kwenye ajenda kama namba ya tatu: jina letu.

Sisi tunaosema nanyi tulivuka ziwa tukiwa bado vijana. Misafara ya HCR kutoka Kigoma kuja Baraka ilianza mwezi wa kumi mwaka 2005. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Wengine ndugu zetu wako Nyarugusu mpaka leo. Tulishuka kwenye boti na bashe, bidoni, sufuria na blanketi, tukiwa na Kiswahili cha kambini ambacho watoto wa hapa walikicheka. Chama hiki kilizaliwa hapo. Tulikuwa hatuna shamba lenye mipaka inayojulikana, hatuna nyumba, hatuna wa kutukopesha. Tulikusanya mia mbili mbili ili mtu akifiwa azike, mama akijifungua apate sabuni na nguo. Jina "Waliorudi" lilikuwa kweli tupu, na lilitusaidia: kila ofisi tuliyoingia ilielewa mara moja sisi ni nani.

Lakini majina nayo yanaendelea kusema hata baada ya sisi kunyamaza. Jirani aliyebaki hapa wakati wa vita, aliyelala porini, aliyechomewa nyumba bila kuvuka ziwa, yeye anapoliona jina letu anasoma nini? Anasoma: "Hapa siyo pako." Tumesikia wakituita watoto wa HCR. Tumesikia, na wakati mwingine tumekasirika. Lakini jiulizeni: mradi wa mbegu ulipokuja kwa ajili ya waliorudi, yeye aliyebaki, ambaye shamba lake lilikuwa pembeni ya lenu, alipewa nini? Halafu mgogoro wa mpaka wa shamba ukitokea, tunashangaa kwa nini unakuwa mkali hivyo.

Na watoto wetu je? Watoto waliozaliwa hapa, kwenye hospitali ya hapa, nao wanaandikwa kwenye kadi ya chama "waliorudi". Wamerudi kutoka wapi? Mtoto mmoja alimuuliza baba yake swali hilo, na baba yake akaja kutuuliza sisi.

Tunajua kuna wazee ambao jambo hili linawachoma. Mzee mmoja alituambia wiki iliyopita: "Mkiondoa hilo neno, mnaondoa makaburi tuliyoyaacha kule." Mzee, tumekusikia, na hatulichukui kwa wepesi. Ndiyo maana tunataka kuwapa mifano miwili ya wengine waliopita njia hii.

Mfano wa kwanza ni alama inayojulikana pengine kuliko zote, ya Msalaba Mwekundu. Mwaka 1859 mtu wa Geneva aitwaye Henry Dunant alipita Solferino, kule Italia, akakuta maelfu ya askari waliojeruhiwa wakiachwa uwanjani. Kutokana na yale aliyoyaona, komite ikaundwa Geneva mwaka 1863, na mwaka 1864 mataifa yakakubaliana juu ya alama moja: msalaba mwekundu kwenye kitambaa cheupe. Maana yake ilikuwa moja tu: huyu anatibu, usimpige. Lakini miaka michache baadaye, katika vita ya 1876 hadi 1878, dola ya Waturuki ilisema kwamba askari wake Waislamu wanauona msalaba kama alama ya upande mwingine, ikatumia mwezi mwekundu. Wangeweza kuambiwa kwamba ule msalaba siyo wa dini. Lakini alama haifanyi kazi kwa kile mwenyewe alichokusudia. Inafanya kazi kwa kile anachokisoma yule anayeitazama. Mwezi mwekundu ukakubaliwa rasmi mwaka 1929. Mwaka 2005 ikaongezwa alama ya tatu, isiyo msalaba wala mwezi, ile ya kristali nyekundu. Kazi ya kutibu majeruhi haikufa kwa sababu alama zimeongezeka. Iliweza kufika mahali ambapo isingefika.

Tukiwa hapo hapo: alama hiyo inalindwa na sheria. Si ya kuchora kwenye duka la dawa wala kwenye kibao cha chama ili tuonekane wakubwa. Tumeiona imechorwa mahali pengi hapa kwetu. Siku watu watakapozoea kuiona kila mahali, haitamlinda tena mwenye machela.

Mfano wa pili ni CARE, ambayo wengi mnaisikia. Ilianzishwa Marekani mwaka 1945 ili watu wa kule watume vifurushi vya chakula kwa ndugu na rafiki zao wa Ulaya walioumizwa na vita. Herufi ya mwisho, E, ilisimama kwa Ulaya. Baadaye kazi ikatoka Ulaya ikaenda nchi nyingine. Walifanya nini? Herufi zote nne walizibakiza. Walibadilisha maneno yaliyo ndani, na ile E ikawa na maana ya "kila mahali". Jina ambalo watu walikuwa wamelizoea halikupotea. Mlango ndio uliopanuka.

Basi pendekezo letu ni hili. Tuzibakize herufi zetu zote. Muhuri haubadiliki sana, kadi za zamani zinabaki halali, na wafadhili hawatatupoteza. Ile W tu, badala ya kuwa "Waliorudi", iwe "Wakaaji". Aliyerudi ni mkaaji. Aliyebaki ni mkaaji. Mtoto aliyezaliwa hapa ni mkaaji. Na aliyekimbilia hapa mwaka jana kutoka milimani, akikaa nasi na kutoa mchango wake, naye ni mkaaji. Historia ya kuvuka ziwa haifutwi. Tuiandike vizuri kwenye ukurasa wa kwanza wa statuti, na tuwaombe wazee watusimulie tuiandike sasa, kabla hawajachoka. Jina la kibao lizungumze na jirani. Historia izungumze na watoto.

Lazima tuseme pia upande wa sheria. Sisi ni chama kisicho cha faida, na vyama vya namna hiyo vinaongozwa na sheria namba 004 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001. Jina liko ndani ya statuti. Kwa hiyo halibadilishwi na sisi wa tereni, wala na komite peke yake kwenye meza. Linataka kura ya mkutano mkuu, karatasi ziandikwe upya, na Wizara ya Sheria ijulishwe. Kuna gharama na kuna safari. Ndiyo maana hatutaki mtu apige kura leo kwa kutupendeza. Nendeni nyumbani, zungumzeni, ulizeni na majirani ambao si wanachama. Wao ndio tunaotaka kuwafungulia mlango. Tuwasikie kama wanautaka.

Kwa marafiki na wafadhili wetu tuko na maneno machache, na tunayasema kwa heshima.

Tunaomba mambo mawili. La kwanza: kwenye vibao, turuhusuni tuandike kwanza watu wa hapa na kazi yao, kwa lugha inayosomwa hapa, na alama yenu ikae chini. Hamtapoteza kitu. Mashini inayosaga ni tangazo zuri kwenu kuliko kibao kikubwa mbele ya mashini iliyokufa. La pili: turuhusuni tuwaandikie yaliyoshindikana. Tulipoandika kwenye ripoti kwamba watu hawana moyo wa kutunza mali, tuliandika vile kwa sababu tuliogopa kusema kwamba sisi tumekosea kibao. Ripoti ambayo kila kitu ndani yake ni ushindi, msiiamini sana. Muulize mwenye kuileta: ni wapi mliteleza? Akiwa na jibu, huyo anaijua kazi yake.

Na sisi wenyewe tujiangalie kwenye matumizi. Kila mwaka kuna sauti inayosema tununue t-shirt na kofia zenye alama ya chama. T-shirt siyo dhambi. Inasaidia siku ya mkutano na siku ya msiba, watu wajue nani wa kumuuliza. Lakini tukubaliane: hakuna t-shirt mpaka kila kundi liwe na daftari la hesabu, ubao wa chaki, na dakika za redio ya hapa za kusoma hesabu kwa Kiswahili mara moja kwa miezi mitatu. Wengi wetu hatusomi kwa urahisi, lakini wote tunasikiliza redio. Anayesikia hesabu yake ikisomwa hewani hahitaji kofia ili kujua chama ni chake.

Mnaweza kusema chama kidogo kama chetu kitajulikana vipi bila vibao vikubwa. Fikirini jina Panzi. Panzi ni jina la kartie tu kule Bukavu. Hospitali ilipofunguliwa pale mwaka 1999, hilo jina halikuwa na maana yoyote kwa watu wa mbali. Leo linajulikana duniani kote, na daktari wake, Denis Mukwege, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Hawakutafuta neno la kupendeza masikio. Wamama walitibiwa pale, wakarudi makwao, wakaambia wengine, na jina la kartie likajaa maana. Jina ni kama kikapu: hata kikisukwa vizuri namna gani, watu wanatazama umebeba nini ndani.

Tunamalizia. Mbele yenu tunaweka mambo matatu. Moja, utaratibu wa picha tuliousoma uwe sheria ya chama, na yeyote wa tereni atakayeuvunja aulizwe mbele ya komite, sisi tukiwa wa kwanza. Mbili, kila kazi ya chama iwe na ukuta wake wa Kiswahili unaotaja mikono yote iliyoijenga, na ubao wa hesabu pembeni yake. Hayo mawili mnaweza kuyapigia kura leo. La tatu, jina, tulirudie kwenye mkutano ujao, baada ya kila kundi kukaa na majirani zake.

Yule mama wa picha yuko hapa ndani. Hatumwonyeshi kwa kidole. Tulimsomea maneno haya yote juzi kabla ya kuja, kama utaratibu unavyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasahihisha jambo moja. Tulikuwa tumeandika "shamba moja". Akasema: "Ni mawili. Andikeni vizuri."

Tumeandika mawili.